Uso wa Udi Uliofungwa Masika

Udi wa baba, ile ala ya nyuzi, umetundikwa chumbani kwake, juu ya kabati, umefunikwa kanga kuukuu ya mama. Uliletwa kutoka Misri na rafiki yake baharia, na kwa miaka mingi ulisikika harusini Kikwajuni na Malindi, mjini Unguja. Kisha ikaja masika moja kali. Gundi ikaachia pembeni, uso, yaani ubao wa mbele, ukabonyea pale nyuzi zinapofungwa, shingo ikaanza kuinama mbele. Baba akalegeza nyuzi zote 11, akautundika. Nilikuwa darasa la sita. Tangu siku hiyo sikumsikia akipiga, na sikumsikia akilalamika pia, na hilo la pili ndilo lililokuwa likinikaa rohoni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Useremala niliupata kwa mjomba, likizo baada ya likizo, kwa kushika upande wa pili wa ubao na kukatazwa kugusa randa mpaka nijue kuinoa. Banda langu liko uani, mita 2 kwa 3, paa la bati, meza moja na jiriwa moja. Humo ndimo nilimoamua kutengeneza udi. Sikutaka kuutia viraka ule wa baba. Nilitaka udi mpya, uliozaliwa katika hewa hii hii ya Unguja inayovimbisha milango.

Hapa kwetu udi si kitu cha jana. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka Mohamed Ibrahim mpaka Cairo akajifunze kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na taarabu ya Kiswahili ikaingia kwenye santuri. Tangu 2002 Mji Mkongwe una chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, ambako kijana anaweza kukaa na mwalimu akafundishwa udi hatua kwa hatua. Kwa hiyo wapigaji tunao. Lakini karibu kila udi niliowahi kuushika mjini, ukichungulia ndani kupitia tundu, utaona karatasi ya fundi wa Cairo, wa Damascus au wa Istanbul.

Zamani tulikuwa tukichonga. Lamu walikuwa na kibangala, na Wangazija wana gabusi: kipande kimoja cha mti kilichokombwa ndani, na ngozi ikawambwa juu ya tumbo. Nitairudia hiyo ngozi.

Udi haukombwi. Tumbo lake linajengwa kwa mbavu nyembamba zinazopindwa moja moja na kuunganishwa ubavu kwa ubavu, mpaka zitoe umbo la nusu ya papai. Mbavu zangu zilikuwa 17, maana idadi ikiwa witri upo mmoja unaokaa katikati kabisa na kuzipanga nyingine huku na huku. Unene wa kila ubavu milimita 3 kabla ya kupigwa msasa, urefu kama sentimita 65, upana katikati sentimita 3 na kidogo, na ncha zote mbili zinachongoka. Nilichanganya mninga na mkangazi, mmoja mwekundu wa kukoza, mwingine wa kahawia hafifu.

Kabla ya kuanza nilikwenda Nungwi, wanakounda majahazi ufukweni, kwa sababu nilidhani mtu anayejua mataruma ya chombo atajua na mbavu za udi. Nilimkuta mzee amekaa kivulini ananoa tezo. Nikamwamkia, nikamwonyesha mchoro wangu. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sisi taruma hatulipindi," akasema. "Tunaingia porini kutafuta mti uliojipinda wenyewe."

Nikamwambia zangu ni nyembamba, milimita 3. Akaweka tezo chini, akacheka kwa furaha, akaomba aone ubao. Nilikuwa nao mmoja mkobani. Akaukunja kidogo kwa vidole gumba, akaunusa.

"Huu moto utausikia. Lakini tazama nyuzinyuzi zake. Zikitoka pembeni, hapo hapo utakatika."

Nilivunja mbavu sita kabla sijamwelewa. Bomba la chuma la inchi 2 nilikuwa nimelisimamisha juu ya jiko la mkaa, nikilidondoshea tone la maji kujua kama limeiva: likidunda na kukimbia, tayari. Unaulowesha ubavu, unauegemeza kwenye bomba, unakandamiza kwa kitambaa kibichi. Maji yanapiga kelele, mvuke unapanda, banda zima linanukia mninga. Mwanzo ubao unakataa katakata. Unaweza kuhisi ukaidi wake mpaka kiwikoni. Halafu, bila ya kukutaarifu, unalegea kama ukindu uliolowekwa, na kwa sekunde chache utakwenda unakoupeleka. Sekunde hizo ndizo kazi yote. Ukiwahi, unavunjika. Ukichelewa, unaungua na kubaki na alama nyeusi isiyotoka. Zile sita zote zilikatika pale pale ambapo nyuzinyuzi za mti zilikuwa zinakatisha ukingo, kama mzee alivyosema. Nikarudi kwenye mbao, nikachagua upya, na wa saba ukapinda.

Kuunganisha kulichukua wiki tisa, nikifanya kazi baada ya Alasiri mpaka giza. Kila ubavu nilikuwa nikiupitisha juu ya randa niliyoigeuza tumbo juu, kisha naulinganisha na mwenzake nikiwa nimetazama dirishani. Mwanga ukipita, hata wa unene wa unywele, narudi kwenye randa. Ikifika wakati hakuna mwanga unaopita, unapaka gundi.

Juu ya gundi nilishikilia msimamo mmoja, na nashukuru. Fundi mmoja alinishauri ile ya kisasa ya kuchanganya chupa mbili, isiyoachia maisha. Nilikataa. Nilitumia gundi ya ngozi, chembechembe zinazolowekwa usiku kucha kisha zinayeyushwa kwenye kikopo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, karibu nyuzi joto 60, bila kuchemka. Inashika kwa nguvu, ila ukiipelekea joto na unyevu inakubali kuachia. Chombo cha muziki lazima siku moja kifunguliwe. Anayekifunga kwa gundi isiyofunguka anamnyima fundi atakayekuja baada yake.

Uso ndio unaoimba. Huko kwa wenzetu hutumia sprusi, mti wa jamii ya msonobari unaokua kwenye nchi za baridi, mwepesi na mgumu kwa pamoja. Wangu niliupata ndani ya piano kongwe iliyokuwa ikitolewa nje kwenda kuchomwa. Nyuma ya nyuzi za piano upo ubao mpana wa sprusi, na ule ulikuwa umekauka kwa miongo mingi. Mchwa walikuwa wamekula miguu na mfuniko, ubao wa sauti hawakuufikia. Nikapata mbao za kutosha nyuso mbili. Kipimo nilichochagua ni kile cha Kiarabu: sentimita 61.5 tangu kichwani mpaka pale nyuzi zinapofungwa usoni, na theluthi moja yake, sentimita 20.5, ndiyo shingo. Uso wenyewe upana sentimita 36, na tumbo lina kina cha nusu ya hapo. Hesabu za namna hii zinanifurahisha sana. Mwanafunzi anayeniuliza sehemu zinatumika wapi maishani, siku hizi namletea udi darasani.

Nikaranda uso mpaka milimita 2, nikabandika kwa ndani vijiti saba vya kuushikilia, vikikatisha upana wake, nikaufunga juu ya tumbo. Ilikuwa likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa ikinyesha usiku na mchana. Mlango wa banda ulikuwa umevimba, nikiufunga kwa bega. Chumvi jikoni ilikuwa imelowa ndani ya kikopo, mama akiitoa kwa kijiko kama uji. Yote hayo niliyaona, na sikuyahusisha na kazi iliyokuwa mezani kwangu.

Udi ulitoka mzuri. Uliimba. Baba aliushika, akaupapasa mgongo, akasema bado mbichi, ngoja ukomae. Sikumlazimisha apige.

Septemba mdogo wangu alioa Dodoma. Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda treni ya mwendokasi, na udi ulikuwa mapajani mwangu njia nzima. Dodoma wakati ule ni kavu kweli kweli. Midomo ilinipasuka siku ya kwanza, na nguo zilizofuliwa zilikauka kabla hatujamaliza kunywa chai. Usiku wa pili, kama saa tisa, niliamshwa na mlio mmoja mkali, kama mtu amevunja kuni magotini. Nikawasha taa ya simu. Uso wa udi ulikuwa umepasuka kwa urefu, sentimita 14, kuanzia chini ya tundu kubwa mpaka zinapofungwa nyuzi. Ufa ulikuwa umenyooka kama nimeupiga kwa rula. Nilikaa kitandani nikiushika mpaka adhana ya Alfajiri.

Asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi, walikuwepo wazee wa Kigogo na ngoma zao, na mmoja alikuja na zeze. Sauti ya zeze la Wagogo wengi wetu tuliijua kupitia kwa marehemu Hukwe Zawose, aliyeipeleka nchi nyingi duniani. Kulitazama kwa karibu ni jambo jingine. Ni kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mrefu wa shingo, na upinde mdogo wa kusugulia nyuzi. La mzee yule lilikuwa jeusi kwa mafuta ya mikono. Aliniona nimekaa pembeni na udi wangu, akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakuniuliza jina la chombo. Alipitisha ukucha kwenye ufa.

"Uliuwamba lini?"

"Mwezi wa nne, mzee."

"Kwenu huko, mwezi wa nne mvua?"

"Mvua."

Akatikisa kichwa taratibu. Akachukua zeze lake, akagonga ngozi kwa kidole, ikalia kavu.

"Hii mimi naiwamba imelowa. Makusudi. Ikikauka inavutika, inakaza, ndipo inasema. Ngozi inakubali kuvutika. Wako ni ubao, mwanangu. Utavutika wapi?"

Nilibaki nimemtazama. Nilikuwa nimesomea mambo haya kwa miezi, nikaweka vipimo vya nusu milimita kwenye daftari, na swali la kwanza kabisa, swali la mtu anayejua kuwamba, sikuwa nimejiuliza.

Jioni ile nikakaa na karatasi. Ubao kwa urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa upana unavimba ukinywa hewa yenye maji, na unasinyaa ikikauka. Sprusi ya upana wa sentimita 36, ikitoka hewa ya Unguja wakati wa masika ikakaa kwenye ukavu wa Dodoma, kwa hesabu yangu inataka kusinyaa milimita 2 mpaka 3. Lakini vile vijiti saba vya ndani vimelala vikikatisha upana huo, na urefu wao haupungui, na pembeni uso umegandishwa kwenye tumbo. Kila kitu kinauambia usinyae na kila kitu kinauzuia. Una njia moja tu. Kinyume chake ni nafuu: uso uliofungwa ukiwa mkavu, ukipelekwa kwenye unyevu, unavimba na kutuna juu kidogo. Kutuna kunastahimilika. Na nikaanza kuuelewa udi wa baba pia, namna masika baada ya masika yalivyokuwa yakilainisha gundi na uso wakati nyuzi zinavuta bila kupumzika.

Niliporudi nilipasha kisu chembamba, nikakichovya maji, nikakipitisha polepole ukingoni. Gundi ya ngozi ikafunguka. Jioni moja tu, uso ukatoka mzima mkononi mwangu, na tumbo halikupata hata mkwaruzo.

Zilikuwa zimebaki mbao za uso mmoja. Sikuzigusa Oktoba, wala Novemba mvua za vuli zilipoanza. Mke wangu aliuliza kwa nini nimesimama. Nikamwambia nangoja upepo. Januari kaskazi ikatulia, jua likachoma, mlango wa banda ukaanza kufunga kwa kidole. Nikaunganisha mbao, nikaziranda, nikaziweka na vijiti vyake ndani ya sanduku lenye balbu moja ya zamani, ile inayotoa joto, na kila jioni nikawa naupima ubao wa uso kwenye mizani ya jikoni. Siku ya kwanza gramu 206. Baada ya siku nne, 200. Kisha 198, 197, na hapo ukasimama siku tatu mfululizo. Gramu 9 za maji zilikuwa zimejificha ndani ya ubao ambao mimi niliuona mkavu, uliotoka ndani ya piano yenye umri wa babu yangu.

Siku ya kubandika nilifungua kikopo cha chumvi kwanza. Ilimwagika kama mchanga.

Safari hii sikufuata milimita peke yake. Nilikuwa nikiinua uso kuelekea dirishani na kutazama mwanga unavyopenya, mwekundu wa asali, ukiwa hafifu pale palipo pazito. Nilikuwa nikiukunja kwa vidole gumba, na kuugonga karibu na sikio. Ukiwa mzito unatoa mlio mfupi wa mlango. Unaendelea kukwangua, kipande kidogo hapa, kidogo pale, na kuna mahali mlio unarefuka na kubaki hewani. Nilisimama kwenye milimita 1.8 katikati na 1.6 pembezoni. Wa kwanza ulikuwa mnene mno, sasa nalijua hilo bila ya kuambiwa.

Kabla ya kuufunga nilichukua penseli, nikaandika upande wa ndani, pasipoonekana mpaka uso ufunguliwe tena: "Umefungwa Februari, kaskazi, chumvi kavu." Fundi atakayeufungua ataelewa.

Funguo 11 za kukazia nyuzi nilichonga kwa mpingo. Vipande nilinunua Mwenge, Dar es Salaam, kwa wachongaji wa vinyago, masalio wanayoyaweka kando. Mpingo ni mzito hata majini unazama, na ukiupiga tupa unatoa vumbi jeusi linalokaa kwenye kucha wiki nzima. Mti huu unasafirishwa kutoka kwetu kwenda Ulaya kutengeneza klarineti na obo, na wenye viwanda wanauenzi kuliko tunavyouenzi sisi. Niliona vizuri kipande chake kibaki hapa, kwenye kichwa cha udi wa Unguja, kikishikilia nyuzi za taarabu.

Nyuzi 11, jozi tano na mmoja mnene peke yake, zikikazwa zinavuta uso kwa zaidi ya kilo 30. Nilizikaza kwa siku tatu, leo kidogo, kesho kidogo, nikiweka rula juu ya uso kila asubuhi kutazama kama umebonyea. Ulizama kidogo mbele ya kitana, kile kijiti cha usoni zinapofungwa nyuzi, na kutuna nusu milimita nyuma yake, ukatulia.

Siku ya nne, baada ya Isha, nilimpelekea baba chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, redio iko chini. Aliuchukua bila ya kusema neno, akauegemeza kifuani, akainamisha kichwa. Mkono wake wa kulia unatetemeka siku hizi. Akatoa risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi, mfukoni mwa kanzu. Sikujua kwamba miaka yote hii alikuwa akitembea nayo. Alizitengeneza nyuzi jozi kwa jozi, akirudi nyuma, akizisikiliza, kisha akaanza rasti, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, polepole, akitafuta mahali pa vidole kwenye shingo ambayo haina alama. Mara mbili alikosa, akarudia. Mama alisimama mlangoni na taulo begani.

Alipomaliza alipitisha kidole chini ya uzi mnene, akapima nafasi iliyopo kati yake na shingo.

"Zimekaa juu," akasema. "Vidole vyangu havina nguvu ile. Kesho zishushe."

Kesho yake nikazishusha nusu milimita.